Chokaa ya Wageni

Mzee Tanuri hakuwa mzee, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu ukimtafuta asubuhi utamkuta mbele ya tanuri lake la mikate, ukimtafuta jioni utamkuta hapohapo, na ukimtafuta siku ya mapumziko utaambiwa amekwenda kuliangalia kidogo. Mkewe, aliyeuza mikate kwenye kaunta ya mbele, alizoea kuwaambia watu kwamba ana mke mwenza, na mke mwenza huyo amejengwa kwa matofali.

Lilikuwa tanuri la kuni, kongwe, lenye mlango wa chuma uliopinda kidogo kwa uzee na dohani iliyoinuka kwenye kona ya nyuma. Likiamua kukufurahisha, hutoa mikate ya rangi ya kahawia inayotamanisha hata mtu aliyeshiba. Likiamua kukuudhi, basi katika mikate hiyohiyo, ya unga uleule, iliyokandwa na mikono ileile, michache hutoka myeupe, kama vile moto uliichungulia tu ukaenda zake. Leo itakuwa karibu na mlango, kesho katikati, keshokutwa nyuma kabisa. Ukimuuliza Mzee Tanuri sababu, jibu lake lilikuwa moja.

"Tanuri lina kiburi chake," husema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mkate mweupe hauuziki. Nani atatoa hela yake anunue mkate unaoonekana mgonjwa? Kwa hiyo ile myeupe ilivuka ua na kuingia nyumbani, nyuma ya bekari, na familia ikaila mwaka hadi mwaka bila kulalamika. Mpaka siku binti yake, mtoto wa darasa la kwanza, alipokwenda kucheza kwa mwenzake, akapewa chai na kipande cha mkate wa kahawia uliotoka bekari ya baba yake mwenyewe. Alirudi amevimba mashavu.

"Baba, kwa nini wetu huwa mweupe?"

"Tanuri lina kiburi chake, mama."

"Kwa nini?"

"Ndivyo lilivyo."

"Kwa nini ndivyo lilivyo?"

Shemeji yake Mzee Tanuri, kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkandaji wa unga hapo bekari, alicheka mpaka akaegemea meza. "Haya, mjibu Bi Kwa Nini," akasema. Jina likamganda mtoto toka siku hiyo.

Mtoto mwingine angeuliza, angechoka, angekwenda kuruka kamba. Huyu aliokota kipande cha mkaa, akaenda kwenye ukuta wa nyuma unaotazamana na tanuri, akachora umbo la tanuri na ndani yake viduara, kila kiduara mkate mmoja. Iliyoiva akaipaka mkaa, iliyotoka myeupe akaiacha wazi. Baba yake aligomba kweli. Kesho yake akakuta tanuri la pili limechorwa pembeni ya la kwanza. Akagomba tena, lakini kwa sauti ya mtu ambaye keshashindwa, kisha akaweka sharti: usivuke magunia ya unga, wateja wasije wakaona huu uchafu.

Basi ukuta ukaanza kujaa. Binti akakua, na michoro ikakua naye. Kuna kipindi alishuku hamira, akawa anamsimamia mjomba wake kama askari wakati wa kukanda. Kuna kipindi alishuku kuni mbichi. Akashuku matofali ya chini, akashuku mvua, akamshuku hata mjomba mwenyewe. Kila siku tanuri lake, viduara vyake, na maneno machache pembeni: leo kuni kavu, leo manyunyu, leo mjomba ana mafua. Mzee Tanuri hakuelewa yote hayo, wala hakujifanya anaelewa. Alijua tu kwamba wenzake wana mabinti wanaochora maua, na yeye Mungu kampa wa kuchora mikate.

Aliyekuja kuuona ukuta ule kwa jicho jingine ni mwalimu wa fizikia, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, ambaye alifuata mkate wake akaambiwa apite ndani achague mwenyewe. Alipita ndani, na hakutoka. Mama mtu alipomfuata alimkuta amesimama mbele ya ukuta, mkate umo kwapani, amesahau hata kulipa.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

"Mwanafunzi wako," mama akajibu kwa aibu. "Tutaufuta, mwalimu. Baba yake anamdekeza."

Mwalimu akalipa akaenda zake. Lakini jioni hiyo alirudi, akaketi juu ya gunia la unga kama mtu wa nyumbani, akawaeleza habari za chuo kimoja kilichoko ng'ambo. Alipokitaja jina alishusha sauti, na Mzee Tanuri, ambaye hakuwahi kukisikia, naye akajikuta ameshusha pumzi. Akasema huko ndiko walikosoma watu waliopima umbali wa nyota. Wanaoomba ni wengi kupita kiasi na wanaoingia ni wa kuhesabika, ila wakikutaka wanakugharamia kila kitu, mpaka blanketi la kujifunika.

"Na huyu wetu?" baba akauliza.

"Huyu wenu aombe," mwalimu akasema.

Kuomba kwenyewe, wacha. Watu hudhani ni kujaza karatasi na kusubiri. Binti alifanya mitihani juu ya mitihani. Alitakiwa aandike insha ya kujieleza, na hapo ndipo walipotoana jasho. Ya kwanza aliandika kwamba anataka kuusaidia ulimwengu. Mwalimu akairudisha. "Hii ni ya kila mtu. Wewe uko wapi humu?" Ya pili aliandika kwamba tangu utotoni aliipenda sayansi. Ikarudi. Ya tatu ilikuwa na maneno makubwa ambayo hata mwenyewe ilibidi ayatazame kwenye kamusi, na hiyo mwalimu hakumaliza kuisoma. Bi Kwa Nini akalia siku nzima, akasusa kula, kisha akaketi mezani akaandika habari za mikate myeupe. Akaeleza alichokidhania na namna kila dhana ilivyomwangusha, na mwisho wa insha akakiri kwamba mpaka leo hajapata jibu.

"Utapeleka insha isiyo na jibu?" mama yake akauliza, roho mkononi.

"Ndiyo ukweli, mama."

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akasema hii iende. Akapiga picha za sehemu mbili tatu za ukuta, zikaenda pamoja nayo. Mzee Tanuri alitakiwa kutia sahihi mahali pa mzazi. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akaikausha, akashika kalamu kama anayeshika yai, na bado akaacha alama ya dole gumba lenye unga.

Wakangoja. Kisha siku moja mwalimu akaja mbio, yeye asiyejua kukimbia, akasema watu wa chuo wanataka kuzungumza na binti kwa njia ya kompyuta. Tena wameuliza kama inawezekana mazungumzo yafanyike hapohapo bekari. Wanataka kuuona ukuta.

Hapo sasa ndipo mambo yalipokwenda kombo, na yalikwenda kombo kwa mapenzi matupu. Kwa maana katika nyumba ile, neno walilolisikia wote halikuwa ukuta. Walisikia wageni.

Siku yenyewe, binti akiwa shule, walianza mapema. Mama alifua mapazia na kusugua kaunta hadi mbao zikakwaruzika. Mjomba alikung'uta magunia. Mzee Tanuri alitoa suti yake ya harusi, ambayo kwenye tumbo ilikuwa imeshakata urafiki naye, akaitundika nje ipigwe na upepo. Kisha wakasimama watu wawili hao, yeye na shemeji yake, wakautazama ukuta wa nyuma. Walishauzoea, walikuwa hawauoni tena, lakini siku ile waliuona kwa macho ya wageni: mkaa, moshi, vidole, mafuta, kutoka sakafuni mpaka anapofikia mtu mrefu.

"Shemeji, watu wakubwa wale," mjomba akasema.

"Hata mimi naona haya," Mzee Tanuri akasema. "Watasema mtoto katoka jalalani."

Wakanunua chokaa. Waliupaka ukuta ule kwa moyo mweupe, wakiimba, na joto la tanuri likaukausha upesi hata wakapata nafasi ya kurudia mara ya pili. Ukang'aa. Mama akaja na kikombe cha chai, akausifu, akasema laiti wangefanya hivi zamani. Mzee Tanuri akavaa suti, akajipangusa, akaketi kumngoja binti yake, na sijui kama aliwahi kujiona baba bora kuliko mchana ule.

Binti aliingia na mwalimu, mwalimu amebeba kompyuta yake. Akasimama mlangoni. Aliutazama ukuta, akamtazama baba yake ndani ya suti, akautazama tena ukuta.

"Baba," akasema polepole, "ile michoro ndiyo waliyotaka kuiona."

Mzee Tanuri aligeuka, akautazama ukuta wake. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, na kuelewa kule kulimchoma kuliko tanuri lilivyowahi kumchoma. Mjomba alijitia anatafuta kitu chini ya meza. Mwalimu aliketi juu ya gunia akajishika kichwa.

"Nimewatumia picha," binti akasema. "Watadhani nimewadanganya."

"Niambie la kufanya, mama yangu. Nikwangue?"

"Muda umefika, baba."

Kweli ulikuwa umefika. Kompyuta ililia, na kwenye kioo wakatokea watu wawili: bwana mmoja mwenye tai, na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zisizochanwa vizuri. Wakasalimia. Mwalimu akamsogelea Mzee Tanuri awe anamnong'oneza maana ya yanayosemwa, kwani yote yalikuwa kwa lugha ya kigeni. Bwana mwenye tai aliuliza hili na lile, binti akajibu. Halafu bibi akainama mbele, akaomba kuuona ukuta.

Binti angeweza kusema mtandao unasumbua. Angeweza kusema ukuta uko kwingine. Aliigeuza kompyuta kuelekea ule weupe wote, akasema, "Leo nyinyi ni wageni wetu. Baba yangu aliona haya mkute ukuta mchafu, akaupaka chokaa. Hakujua."

Mwalimu alipoyanong'ona maneno hayo, Mzee Tanuri alitamani ardhi ipasuke immeze na suti yake. Bwana mwenye tai alikuwa anaandika. Bibi hakucheka. Aliuliza tu, "Unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Basi tuoneshe."

Binti akachutama mbele ya tanuri, akachagua kipande cha mkaa kilichopoa, akasimama mbele ya ukuta. Kuzichora siku zote zile moja moja, kila siku na tanuri lake, muda haukuwepo. Basi akachora tanuri moja tu, kubwa, urefu wa mikono yake miwili ikinyooshwa. Akaweka mlango hapa, dohani kule kwenye kona. Kisha akaanza kutia ndani yake mikate myeupe ya siku zote, alama juu ya alama, akiitaja: siku ya manyunyu, hapa. Siku ya kuni za mnazi, hapa na hapa. Siku mjomba alipopata mafua, hapa. Siku ya kufunga shule. Siku bibi yangu alipokufa.

Hakusita. Mkono ulikwenda wenyewe. Mzee Tanuri aliacha kumsikiliza mwalimu, maana haikuhitaji tafsiri. Alikuwa anatazama miaka yake yote ikitoka kwenye kichwa cha mtoto na kurudi ukutani, siku ambazo yeye mwenyewe alishazisahau, mikate aliyoitupia jicho moja na kuisahau, kumbe kulikuwa na mtu ameiweka yote. Alimwogopa binti yake, kwa namna unavyoogopa unapoinua uso ghafla usiku wa giza ukaona nyota zilivyo nyingi.

Halafu binti akasita.

Mkaa ulibaki hewani. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, mgongo ukagusa meza ya kukandia. Bwana mwenye tai aliuliza kitu, hakumjibu. Wakati ule hakukuwa na chuo wala wageni, ilikuwa yeye na ukuta.

Kwa sababu zile alama, zilizokuwa zimetawanyika siku baada ya siku bila mpango, leo hapa kesho pale, zilipokaa ndani ya tanuri moja hazikuwa zimetawanyika hata kidogo. Zilianzia chini ya mlango, pale ulipopinda, zikapita katikati kwa mkunjo mmoja mzuri kama mwezi mwandamo, zikaishia kwenye kona ya dohani. Nje ya mkunjo ule hakukuwa na mkate mweupe hata mmoja.

"Unaona nini?" bibi akauliza kwa upole.

"Njia," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni upepo. Unaingia chini ya mlango, unavutwa na dohani. Njia yake ni nyembamba, na mikate hatuipangi palepale kila siku: uliokaa juu ya njia ndio uliopozwa. Sikuwahi kuuona kwa sababu nilikuwa naichora kila siku peke yake." Akamgeukia baba yake, akasahau lugha ya kigeni, akasema kwa lugha ya nyumbani, "Baba, halina kiburi. Linavuta pumzi."

Mzee Tanuri alisogea mpaka ukutani. Aliufuata mkunjo ule kwa kidole bila kuugusa, kutoka mlangoni hadi kwenye dohani. Alikuwa amefanya kazi mbele ya upepo huo toka ujanani na hakuwahi kujua kwamba upo. Bibi wa kwenye kioo akamuuliza mwalimu, huyo ndiye baba? Basi yeye anasemaje?

"Mwambie," Mzee Tanuri akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakujali, "mwambie mimi ndiye niliyeharibu. Mtoto msimhukumu kwa ukuta wangu. Na mwambie kwamba leo nimeuona upepo."

Mwalimu akatafsiri. Bibi alivua miwani yake akaifuta, akasema asante, mara mbili.

Kesho yake, kabla ya kuchoma mikate, Mzee Tanuri alichonga tofali moja, akaliziba lile pengo chini ya mlango. Mikate ilitoka yote kahawia, yote, hakuna hata mmoja mgonjwa. Walisimama wakaitazama kama watu walioamka wakakuta nyumba imehamia mtaa mwingine.

"Vizuri sana," mjomba akasema hatimaye. "Na sisi sasa tutakula nini?"

Walicheka, lakini Mzee Tanuri hakucheka sana. Kwake miezi ya kusubiri ilikuwa mirefu. Kila alipoinua macho aliuona ukuta, weupe wake ukimshitaki na mchoro ule mmoja katikati, na alijiambia kwamba mtoto akikosa, aliyemkosesha ni yeye na brashi yake. Hakumwambia mtu. Alipunguza kula, mkewe akadhani ni joto.

Jibu lilikuja kwenye simu ya mwalimu, naye akalileta mchana, kaunta ikiwa imejaa wateja. Binti alilisoma kimya, akalisoma tena, kisha akapita katikati ya watu wote akaenda mpaka kwa baba yake, akamshika mikono yenye unga.

"Wamenichukua."

Mama alipiga kigelegele kilichowatoa watu madukani. Mjomba aligawa mikate bure mpaka akakemewa. Mzee Tanuri aliketi chini, pale sakafuni, akawa anasema neno moja tu, "Kumbe. Kumbe." Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo mbele ya mlima ambao hakuwahi kujua ni mrefu namna ile.

Karibu na safari, mama alisema jamaa watakuja kuaga, na ule mkaa ukutani haupendezi, kwa nini wasirudishie chokaa kidogo. Mumewe alimtazama.

"Wakija," akasema, "wapangie viti vitazame huko."

Na vikapangwa hivyo, na jamaa wakaketi na soda zao wakiutazama mwezi wa mkaa. Wachache waliuliza. Walioelezwa waliutazama upya.

Asubuhi ya kuondoka, binti aliingia bekari na begi begani kumuaga baba yake. Alimkuta amesimama na kifurushi cha karatasi, bado cha moto. Akakifungua. Ulikuwa mkate, na ulikuwa mweupe, mweupe ule wa zamani, wa nyumbani, umechunguliwa na moto ukaachwa.

Aliutazama mlango wa tanuri. Tofali lilikuwa limewekwa chini, pembeni.

"Baba, umeliondoa tofali."

"Nani? Mimi?" Mzee Tanuri akageuza uso upande wa moto. "Tanuri lina kiburi chake."

Binti alicheka na machozi yakamshuka hapohapo. Akamega kipande, akakila amesimama, polepole, kama alivyokula utoto wake wote. Akauviringisha uliobaki kwenye karatasi, akautia ndani ya begi juu ya nguo, akamkumbatia baba yake mpaka koti lake likajaa unga. Hakujipangusa. Baba alisimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona, kisha akarudi ndani, akainama, akalirudisha tofali mahali pake.